Nusu Saa ya Inshirah

Daktari hakuandika dawa yoyote, na hapo ndipo nyumba ya Abdulmuti ilipoanza kuvurugika.

Inshirah alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akasimama mlangoni akihema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Mumewe alikuwa kwenye kochi, palepale alipomwacha asubuhi, glasi ya chai imekaa juu ya tumbo. Tangu astaafu usimamizi wa mitambo ya kufuma, kochi lile lilikuwa limeshachukua umbo lake, na hata asipokuwepo ungeweza kuona alipokaa.

“Wamekuandikia nini?”

“Hawajaandika kitu.”

“Cheti cha dawa kiko wapi?”

“Abdulmuti, nimekwambia hakuna cheti. Daktari kasema nitembee.”

Mzee akajiinua nusu. “Utembee uende wapi?”

“Popote. Nusu saa, siku tano kwa wiki. Tena nisijikokote. Nitembee mpaka jasho linitoke na pumzi ipande kidogo.”

“Ni yule daktari wa kike, mdogo mdogo?”

“Dokta Mayar. Huyohuyo.”

“Basi bado hawajafika somo la dawa,” alisema Abdulmuti, akajilaza tena.

Rabab, binti yao wa pekee, alicheka kutoka jikoni. Alikuwa na miaka ishirini na saba, karani katika kiwanda cha kushona mashati huko mwisho wa mji, na ndoa yake na Hazim ilikuwa imebakiza miezi mitatu na ushei. Fatiha ya uchumba ilishasomwa, bangili za dhahabu zilishavishwa, na kuta za nyumba watakayohamia zilikuwa zikipakwa rangi kule upande wa mashariki wa mji wa Mahalla, chumba kimoja kimoja, kadiri mshahara wa Hazim ulivyoruhusu.

Inshirah alikaa akavua viatu. Maneno ya daktari yalikuwa yakimzunguka kichwani bila kutua. “Sukari yako imepanda, lakini hujawa mgonjwa,” yule binti alimwambia. “Umesimama kizingitini. Unaweza kuingia, unaweza kurudi nyuma.” Inshirah akamuuliza: sasa mimi mgonjwa au si mgonjwa? Si mgonjwa. Basi mbona unanitibu? Daktari akatabasamu, akashika mkono wake mnene akaubonyeza juu ya kiwiko. “Msuli ukifanya kazi unakula sukari iliyomo kwenye damu, mama. Ukikaa wewe, na sukari inakaa. Ikikaa miaka, inaanza kubomoa macho, figo, miguu.”

Neno miguu lilimtosha. Dada yake Nagiya alikuwa akisikia vidole vinawaka moto, vidole ambavyo vilishakatwa na kuzikwa mwaka juzi. Inshirah aliitazama miguu yake sakafuni, mipana, imevimba kidogo kwenye vifundo, kisigino kimoja kimepasuka. Haikuwa mizuri. Aliitaka yote miwili.

*

Kutembea kulimshinda siku ya kwanza, si kwa sababu ya magoti.

Kwa miaka mingi Inshirah hakuwa na haja ya kushuka. Alikuwa na kapu na kamba. Aliliteremsha kutoka roshani, akapiga kelele “Tahiya, nyanya na kotmiri!” na Tahiya muuza mboga akajaza, akavuta kamba mara mbili, na chakula kikapanda chenyewe. Mkate ulipanda hivyo, sabuni ilipanda hivyo, dawa za presha za Abdulmuti zilipanda hivyo. Siku kumi zingeweza kupita soli yake haijagusa lami.

Kwa hiyo alipotokea chini alasiri ile, amevaa abaya nyeusi na raba za zamani za Rabab, Tahiya aliacha kupima vitunguu.

“Mama Rabab, kheri? Kapu limekatika?”

“Halijakatika.”

“Unakwenda wapi?”

“Natembea.”

“Eh. Unatembea kwenda wapi?”

“Mpaka njia ya reli.”

“Kuna nini njia ya reli?”

“Hakuna kitu. Nikifika nageuka.”

Tahiya alimtazama machoni kwa huruma, akampa tango bila kulipima. Hatua thelathini mbele, bajaji ilipunguza mwendo ubavuni mwake na dereva akamwambia apande, atamfikisha bure, kwa thawabu tu. Inshirah akakataa. Bajaji ya pili ikasimama. Msusi aliyekuwa mlangoni kwake alimuuliza kama amegombana na mzee. Aliporudi, mke wa jirani wa ghorofa ya pili alikuwa tayari amepanda kwenda kumuuliza Abdulmuti, kwa upole mwingi, kama kweli amemfukuza mkewe.

“Umeniaibisha,” alisema Abdulmuti. “Wanafikiri sina hata nauli ya kukupa.”

“Si niliwaambia natembea tu?”

“Mwanamke wa miaka hamsini na sita hatembei tu, Inshirah. Mwanamke hutembea akiwa ana pa kwenda.”

Alilifikiria neno hilo siku nzima iliyofuata, akikunja majani ya zabibu juu ya wali. Mumewe alikuwa na presha, alikuwa na mafuta kwenye ini, alikuwa na mgongo usionyooka, na hakuna aliyemwona ana jambo la ajabu kwa kulala kutwa. Yeye ambaye hakuwa mgonjwa alikuwa ameutikisa mtaa kwa kwenda na kurudi. Alijaribu kuelewa ni wapi mambo yalipogeuzwa, hakupaona.

Alichohitaji ni pa kwenda. Akibeba kapu la sokoni wataulizia bei. Akibeba sahani ya chakula wataulizia ya nani. Ndipo alipokuta juu ya kabati ile bahasha kubwa ya kaki ya eksirei ya mgongo wa Abdulmuti, yenye muhuri wa maabara na vumbi la miaka miwili. Akaipangusa. Akaiweka kwapani.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Tahiya alishusha macho na kunong'ona dua. Madereva wa bajaji walimpisha. Msusi aliweka mkono kifuani. Inshirah alipita mtaa mzima kwa mwendo wa haraka, mwendo wa mtu anayewahi daktari kabla hajafunga, akafika njia ya reli akilowa jasho, akageuka, na watu waliomwona akirudi walimpisha tena.

Ilikuwa hivyo wiki ya kwanza, ya pili, ya kumi na mbili. Wiki ya tatu magoti yaliacha kulia. Wiki ya tano alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne akiwa anaimba, akashtuka mwenyewe katikati ya wimbo. Alilala usiku kucha bila kugeuka. Bahasha ilianza kupasuka pembeni, akaitia gundi. Hakuona ubaya wowote. Hakuwa amemwambia mtu uongo hata mmoja. Alikuwa tu amebeba karatasi.

*

Mama Hazim alikuja Ijumaa baada ya sala, bila kupiga simu, na mfuko wa ndizi na makopo sita ya maji ya mapera.

Inshirah alipokea mfuko akabaki nao mkononi. Mkwe huja na boksi la vitamu. Ndizi na maji ya mapera ni vya wodini. Alimtazama Rabab, naye Rabab akainua mabega.

“Mungu akuponye, Mama Rabab,” alisema mgeni, akijibana kwenye kiti kilichokuwa chembamba kuliko yeye. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye uso laini mzuri, na ngazi zilikuwa zimemtoa jasho hadi kwenye nyusi.

“Amina, na wewe pia,” Inshirah alijibu kwa mazoea, kisha akajiuliza anaponywa nini.

Chai ililetwa. Mama Hazim alitia vijiko vinne vya sukari, akakoroga muda mrefu.

“Na figo?” aliuliza.

“Figo za nani?”

“Za kwenu. Kwa ujumla.”

Abdulmuti aliketi vizuri. “Za kwetu ziko mahali pake. Za kwenu?”

“Sisi, alhamdulillahi, hatuna la kuficha.” Aliweka glasi chini. “Baba Rabab, mimi ni mtu wa wazi. Mwanangu ni huyo mmoja wa kiume. Damu ya mtu inakwenda kwa watoto wake. Mngetuambia mapema tungejua la kufanya. Lakini kusikia kwa muuza mboga, kusikia kwa msusi, kwamba mama yake bibi harusi anakwenda kusafishwa damu kila alasiri...”

“Kusafishwa damu?” alisema Rabab.

“Na ile bahasha. Karibu miezi mitatu sasa. Mtaa mzima unamwombea.”

Abdulmuti alimgeukia mkewe, na Inshirah akaona kwamba hata yeye, aliyelala naye chumba kimoja, alikuwa ameanza kumtilia shaka.

“Bahasha gani?” aliuliza mzee.

“Ya mgongo wako,” alisema Inshirah.

“Mgongo wangu unafanya nini barabarani?”

“Kwa hiyo mgonjwa ni wewe?” Mama Hazim alimuuliza Abdulmuti.

“Humu ndani hakuna mgonjwa!” alisema mzee, na kwa bahati mbaya sanduku lake la vidonge, lenye vyumba saba vya siku saba, lilikuwa mezani mbele yake.

Inshirah akaeleza. Alieleza sukari, kizingiti, nusu saa, njia ya reli, kapu, bajaji, na swali la unakwenda wapi. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mgeni ulivyozidi kukunjamana.

“Unatembea,” alisema Mama Hazim hatimaye.

“Natembea.”

“Kutoka hapa mpaka relini.”

“Na kurudi.”

“Bila kumwona daktari wala mtu yeyote.”

“Daktari ndiye aliyenituma.”

“Daktari alikutuma kubeba eksirei ya mumeo?”

“Hiyo hapana.”

Mama Hazim alisimama. Ilimchukua muda. “Basi kama ni ugonjwa, umetuficha ugonjwa. Na kama si ugonjwa, umewachezea watu, wamekuombea dua za bure. Sijui lipi ni afadhali. Kichwa kinaniuma.” Aliutazama mfuko wa ndizi kana kwamba anafikiria kuuchukua, akauacha.

*

Majibu ya kipimo cha miezi mitatu yalitoka Jumanne. Dokta Mayar aligeuza karatasi ili Inshirah aone mwenyewe: kipimo kimeshuka, ametoka kizingitini. “Usiache,” alisema. “Hii si homa, kwamba imepoa basi. Ukirudi kukaa, nayo inarudi.” Akampima presha, nayo ilikuwa imeshuka. Inshirah alitaka kufurahi. Alikwenda nyumbani na furaha yake imekunjwa ndani ya mkoba kama kitu cha wizi.

Rabab alimsubiri chini ya jengo. “Leo natembea na wewe,” alisema. “Tuzungumze.”

Walipita kwa Tahiya, mikono mitupu wote wawili, na Tahiya, aliyekwisha kusikia siri ya bahasha, hakujibu salamu. Mbele ya saluni kulikuwa na wanawake watatu, mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, “Leo figo zimekuja mbili.” Wenzake wakacheka.

“Mama, Haji Shukri kampigia baba,” alisema Rabab. Haji Shukri alikuwa kaka wa marehemu baba yake Hazim, msemaji wa ukoo wao. “Wanatutaka Alhamisi. Wanasema wako tayari kuyamaliza. Wewe umbusu kichwa mama yake Hazim, useme umekosa, useme ana haki ya kukukasirikia. Basi.”

“Nimekosa nini?”

“Sijui. Vyovyote.”

“Nami sijui. Nimejaribu kujua tangu Ijumaa.”

“Na uache kutembea mpaka ndoa ipite.”

“Mpaka ndoa ipite, au mpaka wajukuu wazaliwe, au mpaka wakue waolewe? Hazim anasemaje?”

Rabab alikuwa nyuma hatua mbili. “Hazim anasema... ngoja kwanza... anasema yeye haoni... mama, ngoja.”

Inshirah aligeuka. Binti yake alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mfereji ulio kando ya njia, mkono ubavuni, midomo imepauka, anavuta pumzi kama mtu aliyeokolewa majini. Hawakuwa wamefika hata nusu ya njia. Miaka ishirini na saba. Kutwa kwenye kiti cha ofisi, jioni kwenye kochi pembeni ya baba yake, simu mkononi.

“Hazim anasema neno moja haliui,” alimalizia Rabab alipoweza. “Yeye anataka tu mama yake apoe. Ni mtu mwema, mama. Unajua ni mtu mwema.”

“Najua.”

“Basi nifanyie hilo.”

Inshirah alikaa pembeni yake. Alitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa mdomoni kabisa. Angemwinamia yule mwanamke, angembusu kitambaa chake cha kichwa, nani angekufa? Mtoto angeolewa. Lakini macho yake yalikuwa yamegandia kwenye kifua cha Rabab kinavyopanda na kushuka, na hakuweza kuyatoa, na hakuweza kuunganisha mambo hayo mawili, lile la kifua na lile la busu, ingawa alihisi yameshikana mahali fulani.

“Umeshawahi kupima sukari?” aliuliza.

“Mama, mimi nakuzungumzia ndoa yangu.”

“Nimesikia. Umeshawahi?”

Rabab alianza kulia, na Inshirah akamshika bega, na wote wawili hawakujua kinacholiliwa ni kipi.

*

Alhamisi alasiri walikaa sebuleni kwa Mama Hazim, viti vimepangwa ukutani kama kwenye matanga. Haji Shukri alikuwa katikati, mzee mkavu mwenye sauti ya taratibu. Hazim alikaa karibu na mlango akitazama viatu vyake. Abdulmuti alikuwa amevaa suti aliyostaafia, kifungo hakifiki.

“Sisi ni watu wa kutengeneza, si watu wa kubomoa,” Haji alianza. “Jambo limekwenda kombo kidogo, litanyooka. Mama Rabab atasema neno lake, Mama Hazim atapokea, tutakunywa sharbati.”

“Na la binti,” alisema Mama Hazim.

“Nafika.” Haji alikohoa. “Bibi harusi naye atajua kwamba nyumba hii ina heshima yake. Hatutapenda kumwona mke wa mtoto wetu anazurura kandokando ya mfereji na raba, hata kama mama yake alimzoesha. Jumanne ameonekana.”

“Haitarudiwa,” alisema Abdulmuti haraka.

Inshirah alimgeukia mumewe, kisha akamtazama Hazim. “Mwanangu, na wewe unasema hivyo?”

Hazim alijikuna shingo. “Mimi, Mama Rabab... mimi sijui ubaya uko wapi. Lakini watu wanasema. Sijui.”

“Haya, mama,” alisema Haji, akionyesha kwa kiganja kiti cha Mama Hazim. Yule mwanamke alikuwa tayari ameinamisha kichwa kidogo, kitambaa chake kipya cha rangi ya samli kimenyooshwa vizuri, akisubiri kubusiwa. Abdulmuti alimsukuma mkewe kwa kiwiko. “Neno moja, Inshirah. Nakuomba. Lifunge jambo hili.”

Inshirah alisimama. Alivuka sebule, akasimama mbele ya Mama Hazim, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, pumzi fupi, yenye mluzi mdogo ndani, na alikuwa ameketi tu. Aliona vifundo vya miguu vilivyofura juu ya ndara. Aliijua miguu ile. Ilikuwa yake ya miezi mitatu nyuma, na ilikuwa ya Nagiya ya miaka kumi nyuma. Ghafla hasira yote ilimtoka, ikabaki huruma ambayo hakujua aiweke wapi.

“Mama Hazim, nenda kapime,” alisema kwa sauti ya chini. “Nitakupeleka mimi. Kwa miguu ukiweza, kwa bajaji usipoweza.”

Mama Hazim aliinua kichwa. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Kisha akamtazama Haji, uso ukafungwa. “Hilo ndilo neno lenyewe? Ananitukana nyumbani kwangu?”

“Mama Rabab,” alisema Haji, na taratibu yote ilikuwa imetoka katika sauti yake. “Tumekuita kwa jambo moja. Bila hilo, fatiha tuliyoisoma tunairudisha, na dhahabu itarudi.”

Rabab alikuwa ameshika bangili zake kwa mkono mwingine, hazivui, haziachii. Inshirah alimtazama apate jibu, lolote, ndiyo au hapana. Msichana alikuwa amepotea vilevile kama yeye.

“Ile bahasha mliitaka nyinyi,” alisema Inshirah. “Nilishuka mikono mitupu siku ya kwanza, hamkuniacha nipite. Mlitaka niwe ninakwenda mahali, nikawapa mahali. Mtu mgonjwa mlimpisha njia. Mzima mmemkalia kikao. Hili nimelizungusha kichwani wiki nzima na bado silielewi, na huenda nikafa silielewi. Lakini binti yangu ameishiwa pumzi katikati ya njia ninayoimaliza mimi, na nyinyi mnataka niahidi kwamba hatatembea.”

“Mama,” alisema Rabab.

“Inshirah, kaa chini,” alisema Abdulmuti.

“Nimekaa miaka ishirini.”

Haji Shukri aliinua kidole. “Maneno ni mengi. Nauliza mara ya mwisho, mbele ya hawa wote. Unaomba radhi, au huombi?”

“Siombi, Haji. Wala kesho siombi.”